Dkt. Kagendo Nyaga Kangethe, Aliyeiogopa Dawa Yake Mwenyewe

14 Aprili 1961 – 2 Novemba 2025

Kabla ya jina lake na kabla ya tarehe yoyote, marehemu aliagiza jambo moja lisomwe kwanza, na lisomwe polepole. Hakuna mzizi, jani wala gome alilolijua yeye linaloweza kumponya mtu aliyeumwa na nyoka. Aliyeumwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Asichanjwe, asifungwe kamba, jeraha lisinyonywe, na asingojewe mtu wala kitu. Aliyaandika hayo kwa mkono wake juu kabisa ya karatasi ya maagizo ya mazishi, hata kabla ya kuchagua nyimbo. Jina la mti ambao mama yake alichimba mizizi yake kutibia halimo humu, na hilo pia ni agizo. Aliogopa kwamba karatasi hii ingefika kwao Gatunga ikiwa na jina la mti, na kesho yake watu wangeingia porini na majembe.

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Cliff Murithi. Umeandikwa kwa nafsi ya tatu kama ilivyo desturi, na Cliff anaishukuru desturi hiyo leo kuliko siku nyingine yoyote, maana kuna mahali humu ambapo kama angelazimika kusema "mimi" asingemaliza. Ana neno la kumwambia kaka yao Mutegi, anayetazama mazishi haya ya hapa Toronto kwa simu kutoka Tharaka, Kenya, ambako sasa ni saa moja jioni. Mutegi hakusema na marehemu kwa miaka kumi na mmoja, na sababu aliyokuwa nayo haikuwa kamili. Cliff ameliogopa neno hilo miaka hiyo yote. Litakuja mahali pake. Wenye haraka wavumilie kwanza kuzaliwa na shule.

Kagendo alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Aprili 1961, karibu na Gatunga, Tharaka, mtoto wa tatu kati ya wanne wa marehemu Mzee Nyaga na marehemu Mama Ciarunji. Gatwiri alitangulia, kisha Mutegi, kisha yeye, na Cliff akaja miaka kumi na saba baadaye, wakati ambapo kila mtu alidhani mambo hayo yamekwisha. Mama Ciarunji alijulikana kwa mizizi ya kutibu walioumwa na nyoka. Watu waliletwa kwake wakibebwa mgongoni, naye alitafuna mzizi, akaubandika kwenye jeraha na kuwanywesha maji yake. Wengi walipona na kurudi na kuku wa shukrani. Nyumba ile ilinuka mzizi huo daima, na marehemu alisema kwamba akiwa mtoto alidhani ndiyo harufu ya mama wote.

Mwezi wa Julai 1970 mawele yalikuwa yameiva, na Gatwiri na Kagendo walikuwa juu ya dungu wakiamia ndege. Gatwiri, mwenye miaka kumi na mitatu, alishuka kuokota kombeo lililomponyoka, akamkanyaga moma. Kagendo aliona kila kitu kutoka juu. Alimwona yule nyoka mnene asiyekimbia, akamwona dada yake anatazama kisigino chake kana kwamba si chake, na yeye mwenyewe miguu ikakataa kushuka. Mama yao alitafuna mzizi akabandika. Mguu ulivimba hadi kwenye nyonga, ngozi ikageuka rangi, na siku ya tatu Gatwiri akafariki. Baada ya mazishi Kagendo, aliyekuwa na miaka tisa, alimwuliza mama yake kwa nini mzizi haukufanya kazi.

"Siku nyingine hukataa," mama akamjibu, akaendelea kuchambua mboga.

Marehemu alisema jibu lile lilimtisha kuliko nyoka. Nyoka unaweza kumwona na kumkwepa. Lakini dawa ambayo siku nyingine hukataa, na hakuna ajuaye ni siku gani, utaikwepaje?

Hapa ni lazima isemwe wazi kwamba marehemu alikuwa mwoga. Kwenye kikao cha maandalizi, Jumatano iliyopita, kuna waliotaka neno hilo liondolewe liwekwe "mwangalifu". Mume wake, Bwana Kangethe, akawaambia, "Wekeni mwoga. Mimi ndiye niliyeishi naye." Alikaa Toronto miaka thelathini na saba na hakuvaa kiatu hata siku moja bila kukigonga sakafuni na kuchungulia ndani. Alikung'uta shuka kila jioni. Alichokoa rundo la majani makavu kwa fimbo kabla ya kulizoa, hapo Mount Dennis, ambapo mnyama mkorofi kuliko wote ni rakuni anayefungua mapipa ya taka. Watoto walimcheka. "Mom, it's minus twenty," walimwambia, naye akawajibu kwa Kiswahili kwamba nyoka hasomi hali ya hewa. Hata hivyo binti yake Nyaguthii hugonga viatu vyake mpaka leo, na akiulizwa anatafuta nini hasemi.

Alisoma shule ya msingi Gatunga, akaenda shule ya bweni ya wasichana Chogoria hadi kidato cha nne mwaka 1979, kisha kidato cha sita Nairobi, akamaliza 1981. Alikubaliwa kusoma kemia Chuo Kikuu cha Nairobi, lakini baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 chuo kilifungwa, naye akabaki nyumbani zaidi ya mwaka mmoja. Ndipo alipoanza kazi yake ya kweli, ingawa hakuna aliyeiita kazi. Alimfuata mama yake porini na daftari la mraba, akaandika mimea thelathini na mmoja, ilichimbwa wapi, msimu gani, kiasi gani. Aliandika pia kila mgonjwa aliyeletwa. Mama hakupenda safu ya mwisho ya daftari lile.

"Waliokufa unawaandikia nini?"

"Ili nijue hukataa siku gani, mama."

Daftari hilo lilikuwa na watu arobaini na sita, na arobaini kati yao walipona. Ilimchukua miaka mingi kujua kwamba nyoka mara nyingi huuma bila kutoa sumu, au hutoa kidogo tu, na kwamba wengi wa wale arobaini wangepona hata kama Mama Ciarunji angewabandika ugali. Alipolijua hilo hakumwambia mama yake. Aliogopa kumvunja moyo, na aliogopa zaidi kwamba mama angemwuliza habari za Gatwiri.

Alihitimu shahada yake ya kwanza mwaka 1986, akafundisha kemia Chuka kwa miaka miwili, na Agosti 1988 akaja Toronto kuendelea na masomo. Alipata shahada ya uzamili mwaka 1990 na ya uzamivu mwaka 1995.

Alikutana na Bwana Kangethe Desemba 1989, kwenye sherehe ya Jamhuri ya Wakenya wachache waliokuwapo wakati ule. Ilikuwa saa ya kuondoka, na kijana huyu kutoka Nyeri alimkuta msichana amechuchumaa penye viatu vya wageni, anapiga buti zake sakafuni, moja baada ya nyingine.

"Umepoteza nini, nikusaidie?"

"Natafuta nyoka."

Kangethe alitazama theluji dirishani, akamtazama tena msichana, akachukua buti zake mwenyewe akazigonga. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1991, wakajaliwa Nyaguthii mwaka 1993 na Kimemia mwaka 1996. Bwana Kangethe aliendesha basi la jiji kwa miaka ishirini na tisa, na anasema hakuwahi kuondoka nyumbani bila kuombewa na kuulizwa maswali matano.

Kwa miaka kumi na miwili marehemu alifanya kazi Markham, kwenye kiwanda cha vidonge, akipima kama kila shehena ina kile kilichoandikwa kwenye kopo. Aliendesha gari kila siku kwenda na kurudi, akiwa kwenye njia ya kulia, ile ya waendao polepole, na kupigiwa honi. Huko alimpata rafiki wa maisha yake, Dkt. Shaila Rahemtulla, Mwismaili mzaliwa wa Mwanza, ambaye baba yake aliuza vitambaa na ambaye Kiswahili chake kilimfurahisha Kagendo kuliko chakula. Mwaka 2007 wote wawili waliacha vidonge wakaenda kwenye maabara ndogo ya utafiti upande wa magharibi wa jiji, kutafuta kwenye mimea kitu cha kuzuia sumu ya nyoka. Sumu ilikuja ikiwa unga kwenye vichupa vidogo, haina meno wala macho, na bado Kagendo hakufungua friji ile hata siku moja peke yake. Shaila alisimama nyuma yake. "Fungua, mama, mimi nipo hapa, akitoka namkamata," alimwambia kila mara, kwa miaka kumi na sita.

Aprili 2014 walipima mzizi wa Mama Ciarunji. Walichanganya maji ya mzizi na sumu ya moma kwenye kichupa, wakangoja nusu saa, wakawadunga panya kumi na wawili. Sumu ile peke yake ingewaua wote. Kesho yake wote kumi na wawili walikuwa wanakula. Marehemu aliketi sakafuni mwa maabara akalia, akitaja jina la Gatwiri.

Jumapili tarehe 11 Mei 2014 ilikuwa Siku ya Akina Mama. Katika ukumbi wa chini wa kanisa letu hapa Mount Dennis marehemu aliombwa atoe ushuhuda. Bwana Kangethe alikuwa kazini. Cliff, aliyekuwa ameletwa Kanada na dada yake miaka mitatu kabla na aliyekuwa akilala chumba cha chini kwake, alirekodi kwa simu. Kagendo alisema: "Wapendwa, tumechukua mzizi wa mama yangu na sumu ya moma. Panya kumi na wawili. Wote kumi na wawili wako hai. Mama, kama unanisikia, mzizi wako umepimwa Kanada!" Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Kisha akaendelea kusema.

Jioni ile Cliff alituma video hiyo kwenye kundi la familia. Ilikuwa ndefu, dakika mbili na nusu, na mtandao wa Gatunga ulikuwa dhaifu. Video za kanisani zilikuwa zinagoma kufunguka na mama alikuwa analalamika. Kwa hiyo Cliff aliifupisha. Alibakiza sekunde hamsini, mpaka kwenye vigelegele, kwa sababu ndipo palipokuwa patamu. Ilifunguka vizuri. Mama Ciarunji aliitazama, majirani wakaitazama, ikatoka kundi la familia ikaenda la kanisa, la soko, la wazazi wa shule.

Jumanne tarehe 7 Oktoba 2014, saa nne asubuhi, Kaari, mke wa Mutegi, mama wa watoto wanne, alikuwa anasafisha shamba kungoja mvua za vuli. Moma alimuuma mkononi. Pikapu ya Mutegi ilikuwa uani, ina mafuta. Kabla ya video ile Mutegi alikuwa na kawaida ya kuwakimbiza watu hospitali, hata kwa ugomvi na mama yake, kwa kuwa yeye pia alikuwa amemzika Gatwiri. Lakini siku hiyo dawa ilikuwa nyumbani, na ilikuwa imepimwa Kanada. Walimtuliza Kaari kwa kumwonyesha video. Wakachemsha mzizi, wakamnywesha, wakangoja. Jumatano asubuhi uvimbe wa mkono ulikuwa umefika shingoni. Walipompakia garini alikuwa hajitambui, na Alhamisi tarehe 9 alifariki.

Mutegi alimpigia dada yake simu siku ya mazishi. Cliff alikuwa jikoni, na simu ilikuwa kwenye spika, kila neno likisikika.

"Nakuuliza kitu kimoja tu, Kagendo. Ulisema mzizi unaponya, ama hukusema?"

Marehemu wakati huo hakujua kwamba video ilikatwa. Alijua alichosema kanisani, chote, na hakuelewa kwa nini kaka yake anamwuliza. Aliomba atumiwe kile walichokiona. Kikaja. Aliitazama mara moja, akaona inapoishia, akainua macho akamtazama Cliff. Cliff anasema hajawahi kuogopa uso wa mtu kama alivyouogopa ule, na haukuwa na hasira hata kidogo.

"Iliyobaki iko wapi?"

"Niliikata, dada. Ilikuwa haifunguki kwa mama."

Maji yaliyokuwa jikoni yalichemka yakamwagika. Kisha akampigia Mutegi. Cliff alimshika mkono, akataka kuichukua simu, naye akausukuma mkono wake.

"Nilisema," alimwambia Mutegi. "Ni sauti yangu. Nisamehe."

Simu ikakatwa. Cliff alilia, akasema atampigia Mutegi sasa hivi amweleze. Marehemu alimkataza. "Amemzika mke leo," alisema. "Akikukosa na wewe, kati yetu atabaki na nani wa kuongea naye? Mimi ndiye nilishika maikrofoni. Mtu mwenye akili huanza na onyo, mimi nikaanza na panya." Cliff alitii. Itakuwa uongo kusema alitii kwa ajili ya dada yake tu. Alitii kwa sababu alifurahi kukatazwa.

Tangu siku hiyo Kagendo hakupokea simu ya Kenya akiwa amesimama. Ikilia, alitafuta kiti kwanza. Novemba ya mwaka ule alirudia jaribio kwa namna aliyojua tangu mwanzo kwamba ndiyo ya kweli, sumu kwanza, mzizi baadaye, kama mtu anavyoumwa. Panya wote kumi na wawili walikufa. Shaila aliondoka, akarudi baada ya siku chache na chupa nyingine.

"Kagendo, njoo uone balaa. Hii nimechanganya na sumu vile vile tulivyofanya mara ya kwanza. Panya wote wazima."

"Ni mti gani?"

"Chai ya rangi. Ya jikoni, mama, ile kali."

Ilikuwa tanini, ile inayokausha ulimi kwenye chai. Kwenye kichupa hushika kila protini inayokutana nayo, na sumu ya nyoka ni protini. Ndani ya mwili wa mtu haiifikii. Marehemu alicheka mpaka Shaila akaogopa, kisha akaomba apelekwe nyumbani.

Hakuacha kazi. Wengi walidhani ataacha. Alirudi kwenye daftari la zamani, mmea kwa mmea, akiondoa tanini kwanza na kupima kilichobaki, na kila ripoti aliyoandika ilianza na ukurasa wa yale yaliyoshindikana. Wahariri walimrudishia, naye akawarudishia vile vile. Mwaka 2021 walipata kitu kidogo kwenye gome moja, kitu ambacho panya alipewa baada ya sumu, na uvimbe ukachelewa karibu saa tatu. Shaila alitaka kuleta keki. Kagendo alimwambia, "Imechelewesha. Haijaponya. Na ni panya." Aliamini kwamba siku moja kitu kama hicho kinaweza kumpa mtu aliye mbali nafasi ya kufika kwenye sindano ya kuzima sumu akiwa hai, na aliogopa kulitamka hilo hata mezani kwake. Kupitia kanisa la Gatunga alihakikisha zahanati ina friji ya kuwekea sindano za nyoka, na kwamba namba za waendesha bodaboda wawili zimebandikwa kwenye mlango wa kanisa. Alistaafu Desemba 2023.

Mwaka 2018 Mama Ciarunji alifariki, na marehemu akasafiri kumzika. Mutegi alisimama upande wa pili wa kaburi. Hakumsalimu, hakumtukana. Watoto wa Kaari walisimama naye, na yule mdogo, ambaye sasa alikuwa na umbo la mama yake, alimtazama shangazi yake ibada nzima. Marehemu alirudi Toronto na kwa majuma kadhaa hakuweza kula akiwa na watu.

Februari mwaka huu alianza kuumwa tumbo, na Aprili akaambiwa ni saratani ya kongosho. Watu walimpenda, wakamletea dawa za miti, kutoka Scarborough, kutoka Hamilton, na chupa moja iliyotoka Kenya kwenye sanduku imefungwa kwa soksi. Alizipanga dirishani na kumwuliza kila aliyeleta, "Imepimwa na nani? Na mgonjwa alipewa kabla ama baada?" Wengi walikumbuka kwamba wameegesha gari vibaya. Hakunywa hata moja. Watu wasifikiri alikuwa jasiri. Aliogopa kufa, alisema hivyo kwa kila aliyemwuliza, na alimshika Bwana Kangethe mkono kila alipofumba macho.

Mchana mmoja wa Oktoba Cliff alikuwa ameketi naye peke yao.

"Dada, niruhusu nimwambie Mutegi."

"Wewe ndiye utakayesoma wasifu wangu."

"Nimekuuliza kitu, dada."

"Nami nimekujibu. Usome wote. Usikate."

Alifariki Jumapili, tarehe 2 Novemba 2025, saa nne asubuhi, mume wake na watoto wake wakiwa naye.

Rekodi nzima ya siku ile iko kwenye simu ya zamani ya Cliff. Hakuifuta, na kwa miaka kumi na mmoja hakumsikilizisha mtu. Jumatano iliyopita aliwasikilizisha Bwana Kangethe na watoto, nao wakakubali kwamba yaliyokatwa yachapishwe hapa, neno kwa neno. Mutegi, kaka mkubwa, haya ndiyo dada yetu aliyosema baada ya vigelegele, na aliyeyaondoa ni Cliff:

"Tulieni basi, vigelegele vitoshe, maana sehemu ya pili ndiyo yenyewe. Sumu na dawa tulizichanganya kwanza kwenye chupa. Nyoka hamwumi mtu hivyo. Bado hatujajaribu sumu kwanza na dawa baadaye, na naogopa, ninawaambia kweli, naogopa itakataa. Kwa hiyo mtu yeyote asichimbe mzizi huu kwa sababu yangu. Mama, hata wewe, tafadhali. Mtu akiumwa, hospitali. Mutegi, kaka yangu, najua utaona hii. Gari unalo. Usimsikilize mama, wala usinisikilize mimi. Wewe wakimbize tu, kama siku zote."

Dkt. Kagendo ameacha mume, Bwana Kangethe. Watoto wawili, Nyaguthii na Kimemia. Mjukuu mmoja, Kagendo mdogo, mwenye miezi saba. Rafiki yake Dkt. Shaila, watoto wanne wa marehemu Kaari, aliowataja kwa majina katika sala zake kila asubuhi, kaka yake Mutegi, wa Gatunga, na mdogo wake Cliff, ambaye mpaka dakika hii hajui kama bado ana kaka.

Alale salama dada yetu. Hofu yake ameiacha mikononi mwetu.